Pasi ya Koinange: Kuisoma Lancaster House Ukiwa Nairobi

Kama umewahi kutazama The Crown kwenye Netflix, basi umeshaingia ndani ya nyumba ambamo Kenya ilijadiliwa hadi ikawa nchi, na hakuna aliyekwambia. Zile ngazi pana, zile kuta zilizopambwa kwa dhahabu, zile dari ambazo ukiziangalia sana shingo inauma: tamthilia inatuambia hapo ni Kasri la Buckingham. Sehemu kubwa ya picha hizo ilipigwa Lancaster House, jengo la serikali ya Uingereza lililo mwendo mfupi wa miguu kutoka kasri lenyewe. Kasri la kweli halifungulii milango watu wa sinema, kwa hiyo Lancaster House hulishikia zamu. Imefanya hivyo kwenye The King's Speech, kwenye The Young Victoria, hata kwenye National Treasure: Book of Secrets.

Na tamthilia hiyohiyo ina sehemu ya Kenya, pale binti mfalme anapolala Treetops, Nyeri, usiku wa Februari 1952, na kuamka akiwa malkia. Kenya hiyo ilipigwa Afrika Kusini. Hebu pima hesabu hiyo. Nyumba ambamo katiba yetu ya kwanza ilipatanishwa inaigiza nyumba ya mtu mwingine, na nchi yetu inaigizwa na nchi nyingine. Kwa saa nzima ya televisheni, kila kitu kipo isipokuwa sisi.

Wengi wetu tunaijua Lancaster House kama jibu la mtihani. Kongamano la kwanza, 1960. La pili, 1962. La tatu, 1963. Matokeo yake, orodhesha. Ukishapata alama zako unaisahau, kama unavyosahau majina ya tabaka za udongo. Lakini nyumba nayo ni maandishi. Ina waandishi wake, ina wahusika wakuu na wasio na majina, ina aya zilizofutwa. Mhakiki anaweza kuisoma kama anavyosoma riwaya, akiuliza maswali yaleyale: nani anaongea humu, nani amenyamazishwa, na nani aliyelipia mafuta ya taa wakati mwandishi akiandika?

Nianze na malipo, maana huko ndiko hadithi nyingi za majumba huanzia.

Kondoo na sabuni

Ujenzi ulianza 1825, kwa ajili ya Duke wa York, mtoto wa mfalme mwenye madeni kuliko mshahara. Alifariki Januari 1827 kabla nyumba haijakamilika, akaacha madeni na kuta tupu. Aliyeichukua alikuwa tajiri kupita kiasi, Marquess wa Stafford, ambaye baadaye alipewa cheo cha Duke wa Sutherland. Nyumba ikaitwa Stafford House, na familia hiyo ikaimalizia kwa fahari ambayo sasa watu wa sinema huikodi. Inasemekana hata Malkia Victoria alipotembelea alitania kwamba ametoka nyumbani kwake kuja kwenye kasri.

Sasa, sehemu ya jina na utajiri wa familia hiyo ilitokana na ardhi ya Sutherland, kaskazini mwa Uskoti. Mwanzoni mwa karne ya 19, familia iliwaondoa maelfu ya wakulima wadogo kutoka mabonde ya nyanda hizo za juu, wakasukumwa pwani kwenye vishamba vya mawe, ili malisho yabaki kwa kondoo. Nyumba zao zilichomwa moto wasirudi. Mwaka 1853, Duchess wa Sutherland wa wakati huo alimpokea Harriet Beecher Stowe, mwandishi wa Uncle Tom's Cabin, katika nyumba hiyohiyo, na alipojitokeza kupinga utumwa wa Marekani, Karl Marx aliandika makala gazetini akiuliza familia hiyo inapata wapi ulimi wa kuhubiri utu wakati historia yake yenyewe ni ya kufukuza watu kwenye ardhi ya mababu zao.

Soma tena maneno hayo polepole ukiwa Mkenya. Nyanda za juu. Watu kuondolewa. Nyumba kuchomwa. Mifugo ya mwenye nguvu kulishwa pale palipokuwa na shamba la mnyonge. Miaka mia moja na kidogo baadaye, wajumbe kutoka koloni la Kenya waliketi chini ya dari hizo kujadili nani atabaki na nyanda za juu za kwao. Nyumba ilishaisikia mada hiyo. Ilijengeka juu yake.

Mwenye nyumba aliyefuata ni jina ambalo liko jikoni kwako. William Lever, baadaye Lord Leverhulme, ndiye aliyetengeneza sabuni ya Sunlight. Ndiyo, Sunlight hiyo ya dukani. Aliinunua nyumba mwaka 1912, akaipa jina la Lancaster House kwa heshima ya jimbo lake la kuzaliwa, Lancashire, na mwaka uliofuata akaikabidhi kwa taifa. Watu wanamkumbuka kwa ukarimu huo. Lakini sabuni hutengenezwa kwa mafuta, na mwaka 1911, mwaka mmoja kabla ya kununua nyumba, Lever alikuwa amesaini mkataba na serikali ya Ubelgiji wa kupata maeneo makubwa ya michikichi nchini Kongo. Huko, kazi ya shuruti ilikuwa sehemu ya biashara. Mji uliopewa jina la Leverville, leo Lusanga, ulikuwa mmoja wa vituo vya shughuli hiyo.

Kwa hiyo kabla hata mjumbe mmoja wa Kenya hajavua koti mlangoni, ukumbi umeshazungumza. Umesema kondoo, na umesema mawese.

Nani aliingia, hadi wapi

Kongamano la kwanza lilifunguliwa Januari 18, 1960. Hali ya Dharura ilikuwa imeondolewa rasmi Januari 12. Siku sita. Miaka saba ya kambi, vijiji vya kuzungushiwa seng'enge, kunyongwa Kamiti, halafu siku sita, halafu zulia la Lancaster House. Jomo Kenyatta alikuwa bado amezuiliwa Lodwar. Wajumbe wa Kiafrika, wanachama 14 waliochaguliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria, walikwenda kama kikosi kimoja, Ronald Ngala akiwa kiongozi na Tom Mboya akiwa katibu.

Walitaka washauri wawili. Wa kwanza alikuwa Thurgood Marshall, wakili Mwafrika-Mmarekani aliyekuwa ameshinda kesi ya Brown mwaka 1954 dhidi ya ubaguzi shuleni, na ambaye baadaye, 1967, angekuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Wa pili alikuwa Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa nje ya nchi tangu kabla ya Dharura, na ambaye serikali ya kikoloni ilimtazama kama mmoja wa wazazi wa Mau Mau. Waingereza walimkubali Marshall. Koinange wakamkataa.

Wajumbe wakasusia vikao. Kwa siku kadhaa Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alikuwa na ukumbi wa fahari na wageni wasioingia. Mwishowe likapatikana suluhisho ambalo, kwangu, ndilo sentensi muhimu zaidi ya kongamano lote, ingawa halimo kwenye majibu ya mtihani. Koinange apewe pasi ya kuingia jengo la Lancaster House, lakini si ukumbi wa mkutano.

Yaani angeweza kupanda ngazi. Angeweza kukaa kwenye sofa, kuongea na wenzake kwenye korido, labda kuletewa chai. Lakini mlango wa chumba ambamo maneno yalikuwa yakiandikwa ungefungwa mbele yake.

Naomba uishike pasi hiyo mkononi tunapoendelea, maana tutaihitaji tena. Mamlaka yenye akili haikufukuzi. Inakukaribisha hadi sebuleni, kisha inafunga mlango wa chumba cha ndani taratibu, ukiwa bado na kikombe mkononi, na kesho yake inatangaza kwamba ulikuwepo.

Haya, tusiwe wachoyo wa sifa. Kongamano hilo lilivunja kitu kikubwa. Baraza jipya lingekuwa na viti 65 vya kuchaguliwa: 33 vya wazi, 20 vilivyotengewa Wazungu, Waasia na Waarabu, na 12 vya kitaifa. Kwa lugha ya kawaida, Waafrika wangeshika wingi wa viti. Walowezi walielewa haraka kuliko wengine. Michael Blundell, Mzungu aliyeongoza kundi lililokubali mpango huo, alipotua Nairobi alitupiwa miguuni vipande thelathini vya fedha na mlowezi mwenzake, kama Yuda. Huwezi kumwita mtu Yuda kama hakuna kilichouzwa.

Wakili na kinga

Marshall naye anastahili kusomwa kwa makini, maana yeye ndiye mhusika mwenye utata mtamu zaidi humu ndani. Wajumbe wa Kiafrika walimwalika awasaidie kuandika hati ya haki. Akaandika rasimu. Na ndani yake, pamoja na usawa mbele ya sheria, uhuru wa dini na haki ya kupiga kura, alitia ulinzi wa mali: serikali ikitwaa ardhi ya mtu, ilipe fidia ya haki, na mahakama iwe na neno la mwisho.

Mali ya nani, Kenya ya 1960? Tunajua. Wakili aliyetumia maisha yake kuwatetea weusi wachache mbele ya Wazungu wengi alifika London akaandika kinga kwa Wazungu wachache mbele ya weusi wengi. Wasomaji wengine watamcheka. Mimi siwezi. Marshall alikuwa mtu wa kanuni: walio wachache walindwe, wawe nani wawe nani. Kanuni hiyo ni nzuri. Kasoro ni kwamba kanuni nzuri inayoanza kuhesabu leo huwa inambariki aliyeiba jana. Sheria inauliza, nani ana hati? Haiulizi hati ilipatikanaje.

Kinga ya mali ikaingia katika katiba ya uhuru kwa maneno ya wanasheria wengine, ikaendelea kuishi, na kwenye toleo la 1969 unaikuta kama kifungu cha 75. Ardhi ya nyanda za juu haikurudishwa kwa waliofukuzwa; ilinunuliwa. Mpango wa ekari milioni moja, ulioanza 1962, uliendeshwa kwa mikopo, sehemu kubwa ikitoka Uingereza. Mkenya akakopa pesa za Mwingereza kumlipa Mwingereza kwa shamba la babu yake mwenyewe, kisha akabaki na deni. Kama umewahi kusikia wazee wakisema uhuru ulikuja na risiti, sasa unajua risiti iliandikwa wapi.

Na wakati wino ukikauka, kuna waliokuwa mbali sana na meza. Kongamano la tatu lilipomalizika Oktoba 1963, Muthoni wa Kirima, Field Marshal, alikuwa bado msituni. Mau Mau wenyewe walibaki chama kilichopigwa marufuku kisheria hadi 2003. Miaka arobaini ya Kenya huru! Hao hata pasi ya korido hawakupewa.

Hati yenyewe

Kongamano la pili, 1962, lilimkuta Kenyatta ameachiliwa na kuketi mezani. Hapo KADU ya Ngala ilidai majimbo, ikiogopa kwamba makabila makubwa yangemeza madogo. KANU ilikubali shingo upande, na wengi ndani yake walihesabu kwamba wakishapata serikali watarekebisha. Walirekebisha kweli. Katiba ilianza kazi na mikoa saba yenye mabaraza yake, pamoja na eneo la Nairobi, na Seneti yenye wanachama 41. Kufikia mwisho wa 1964 majimbo yalikuwa yamekatwa miguu. Kufikia mwisho wa 1966 Seneti haikuwepo. Mwaka 1982, kifungu cha 2A kikatangaza chama kimoja.

Ukiisoma kama kazi ya fasihi, katiba ya 1963 ina tatizo la sauti. Kisheria ilikuwa jedwali lililoambatishwa kwenye amri ya Malkia wa Uingereza. Hati ya kuzaliwa ya taifa letu ni kiambatisho cha waraka wa mwingine. Haikupigiwa kura ya maoni na wananchi. Hakuna "sisi" ndani yake. Ni kama barua ndefu kuhusu wewe, iliyoandikwa kwa adabu kubwa na watu wanaozungumza huku umekaa palepale.

Na kulikuwa na waliokaa palepale bila kusikika kabisa. Mwambao wa pwani, ule ukanda wa maili kumi, ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliushika tangu 1895 kwa kulipa kodi ya kila mwaka. Mwenye nyumba mkubwa wa himaya alikuwa mpangaji Mombasa! Hatima ya ukanda huo ilifungwa London Oktoba 1963, kwa makubaliano ya Uingereza, Zanzibar na Kenya. Watu wa mwambao walioomba njia tofauti waliambiwa mjadala umekwisha. Kaskazini, Wasomali wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walituma ujumbe wao kwenye kongamano la 1962 kuomba wajitenge. Tume ikatumwa, ikakuta wengi wao wanataka kuungana na Somalia, na Waingereza wakaamua kinyume. Vita vya Shifta vilifuata hadi 1967. Ukishangaa kwa nini kitambulisho bado ni kesi ukiwa Garissa, hiyo ni aya moja ya kitabu hiki ambayo haikuhaririwa.

Je, nyumba ni ya kulaumiwa?

Hapa kuna pingamizi la haki. Mtu atasema: wacha mambo ya dari na sabuni. Nyumba ni nyumba. Katiba haikuuawa na ukuta wa London, iliuawa na wabunge wa Nairobi. Tena wangekutania wapi?

Jibu la swali la mwisho ni rahisi: nyumbani. Tanganyika ilifanya kongamano lake la katiba Machi 1961 katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Macleod, yuleyule, ndiye aliyepanda ndege. Iliwezekana. Kenya haikupewa, kwa sababu Kenya ilikuwa na walowezi, na wenye mali hupenda kujadiliana karibu na wakili wao. Hata Zimbabwe mwaka 1979, baada ya vita virefu, iliitwa palepale Lancaster House kwa zaidi ya miezi mitatu, na huko pia kitanzi kilikuwa ardhi.

Lakini pingamizi lina uzito, na uzito wake unaonekana tukirudi kwetu. Tulipata nyumba yetu. Bomas of Kenya, Lang'ata, mahali palipojengwa kuonyesha maboma ya jamii zetu, ndipo wajumbe 629 walipokutana 2003 na 2004 kuandika katiba. Kwa wengi wenu Bomas ni pale kura za urais zinapojumlishwa na viti kurushwa hewani. Kabla ya hapo palikuwa na watu wakibishana, kwa Kiswahili na Kiingereza, kuhusu mamlaka ya rais, mahakama za Kadhi, ardhi na ugatuzi. Palikuwa na joto, na kelele, na siasa chafu pia. Hakuna mkurugenzi wa filamu angepakodi kuigiza kasri. Lakini lile "sisi" lililokosekana 1963 lilianza kusikika hapo.

Machi 2004 upande wa serikali ulitoka nje ya kikao. Rasimu ikafanyiwa ukarabati na wengine, ikapelekwa kwenye kura ya maoni Novemba 2005, ndizi dhidi ya chungwa, na wananchi wakaikataa. Kisha damu ya 2007 na 2008. Kisha Januari 2010, kamati ya wabunge ikajifungia kwenye hoteli Naivasha na kubadilisha mfumo mzima wa serikali kutoka ule wenye waziri mkuu kuwa wa rais, kwa siku chache. Hoteli nzuri. Ziwa karibu. Mlango umefungwa.

Unaona? Umbali kutoka London si tiba. Naivasha ni Kenya, na bado ilikuwa na chumba cha ndani. Kwa hiyo nakubaliana na mpinzani wangu nusu. Nyumba haiui katiba. Ila nyumba hufundisha tabia. Wajumbe wetu walijifunza Lancaster House kwamba nchi hutengenezwa na watu wachache nyuma ya mlango mzito, kisha wengine wanajulishwa. Somo hilo walilibeba kwenye ndege, na wanafunzi wao wakawa wabunge.

Kilichookoa hati ya 2010 ni kwamba, mwishoni, ilibidi itoke chumbani. Agosti 4 mwaka huo zaidi ya thuluthi mbili ya waliopiga kura waliipitisha, na Agosti 27 ikatangazwa rasmi. Kifungu chake cha kwanza kinaweka mamlaka yote mikononi mwa wananchi. Huo ni uandishi wa aina nyingine kabisa. Msemaji amebadilika.

Pasi ya leo

Sasa itoe ile pasi ya Koinange mfukoni.

Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipopelekwa kwa umma kutoa maoni, watu walitoa. Vikao vilifanyika, barua pepe zilitumwa, wanauchumi na mama mboga walisema neno lao. Kushirikisha umma ni takwa la katiba, na sanduku liliwekwa alama. Halafu Juni 25 wabunge wakapiga kura kuupitisha. Hiyo ndiyo pasi: karibu jengoni, asante kwa maoni, ukumbi una wenyewe.

Kilichofuata mnakijua, wengine mlikuwa barabarani. Vijana waliingia Bunge. Jengo hilo lenyewe lilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Baraza la Kutunga Sheria la kikoloni, kwa hiyo nalo ni nyumba ya kurithi. Watu walipigwa risasi, wakafa. Siku iliyofuata rais alisema hatatia saini. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu kuvunja milango; mimi sitoi shangwe mahali palipomwagika damu. Lakini kama mhakiki siwezi kukosa kuona kwamba kizazi kilichobeba katiba kwenye simu, kikinukuu vifungu kwa namba, ndicho cha kwanza kuisoma hati hiyo kama barua iliyoandikwa na wao. Waliotangulia wengi waliisoma kama barua iliyoandikiwa wao. Tofauti ya kiambishi kimoja tu, na ndiyo siasa yote.

Ndiyo maana naona haitoshi kuifundisha Lancaster House kama orodha ya tarehe. Ripoti za makongamano yale matatu zilichapishwa na serikali ya Uingereza. Zisomwe madarasani kama maandishi, si kama majibu. Wanafunzi waulizwe nani ametajwa kwa jina na nani amefichwa ndani ya neno "wakazi". Waandishi wetu wa riwaya na tamthilia nao wameiachia Netflix zile ngazi kwa muda mrefu mno. Koinange kwenye korido, akisikiliza sauti kupitia mlango: kama hilo si onyesho la kwanza la tamthilia, sijui onyesho ni nini.

Na kuna mhusika mwingine anayesubiri mwandishi. Mwaka 1962, kati ya wajumbe wote wa Kiafrika walioketi Lancaster House, mwanamke alikuwa mmoja: Priscilla Abwao, aliyekuwa ameteuliwa Baraza la Kutunga Sheria mwaka uliotangulia. Alikwenda kudai kwamba wanawake wawe na nafasi sawa katika nchi iliyokuwa inazaliwa. Yeye aliingia hadi ukumbini. Alikuwa na kiti kabisa. Kiti kimoja.

Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge likakosa kutunga sheria ya kutimiza hilo mara baada ya mara, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais alivunje. Halikuvunjwa. Bunge lililoingia 2022 nalo halikutimiza kiwango hicho. Zaidi ya miaka sitini tangu Abwao aketi peke yake chini ya dari ya dhahabu, bado tunahesabu viti.

Hiyo hesabu haihitaji safari ya London. Inafanyika Barabara ya Bunge, mchana kweupe, na yeyote mwenye nakala ya katiba anaweza kuikagua.